Telkot hadi Changu Narayan: matembezi mepesi ya siku moja, hekalu la kale na vijiji vya Nepal

Ndugu muuliza, nimekuelewa hivi: mna siku moja ya nafasi Kathmandu, unasafiri na mama yako aliyevuka miaka 60, anatembea vizuri ila magoti humsumbua kwenye mteremko mrefu, na mnataka hekalu la kale na vijiji, si kupanda mlima. Njia inayowafaa ni ya Telkot hadi Changu Narayan, hekalu la Vishnu, mungu wa Wahindu, upande wa mashariki wa bonde la Kathmandu. Anzieni Telkot, fuateni mgongo wa kilima kuelekea magharibi, hekalu liwe la mwisho.

Wengi watakwambia uanzie Nagarkot, kituo cha watalii juu kilimani, kwa sababu mandhari yake yanajulikana. Kwa mama mwenye magoti mabovu sikushauri. Nagarkot iko kwenye mita 2,100 hivi, Changu Narayan iko mita 1,541. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huishia kati ya Nagarkot na Telkot, na kipande hicho mara nyingi ni kuteremka pembeni ya lami huku mabasi na pikipiki zikikupita. Utakuwa umemaliza magoti kabla hujafika pazuri. Kutoka Telkot zinabaki kilomita tano hivi. Mtu wa kawaida huzimaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili. Nyinyi wekeni saa tatu, mkihesabu na kukaa kunywa chai.

Kuhusu ratiba, jambo ambalo watu hulipuuza ni jua. Milima ya theluji, hasa safu ya Langtang, iko kaskazini na huonekana asubuhi. Ikifika saa nne au saa tano mawingu huanza kupanda na kuifunika. Hekalu nalo limeelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi uso wake mkuu uko kivulini na nakshi zake hazionekani vizuri, ila alasiri mwanga huuangukia moja kwa moja. Ndiyo maana kutembea kutoka mashariki kwenda magharibi kunalipa: milima asubuhi, hekalu baada ya chakula. Wanaofanya kinyume, yaani kufika Changu kwa gari alfajiri kisha kupanda kuelekea Telkot, hukosa vyote viwili.

Kufika Telkot: kutoka Kathmandu panda basi la Bhaktapur, kama kilomita 13. Mabasi ya Nagarkot huondokea Kamalbinayak, kaskazini-mashariki mwa mji wa Bhaktapur, na yote hupita Telkot. Mwambie konda "Telkot" unapopanda, umkumbushe njiani, maana abiria wengi wageni huenda hadi mwisho na anaweza kudhani nawe ni hao. Ukitaka wepesi, laleni Bhaktapur usiku uliotangulia. Mtaokoa saa nzima ya foleni ya Kathmandu, na saa hiyo ndiyo inayoamua kama mtaiona milima au la. Teksi pia inafaa, mradi bei ikubaliwe kabla ya kupanda na dereva aelezwe kwamba hamrudi Telkot, asije akadai malipo ya kusubiri. Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko ya wiki huko Nepal, basi mabasi ya Nagarkot hujaa wenyeji wanaokwenda matembezi. Kama mna hiari, chagueni siku nyingine. Wakati wa Dashain, sikukuu kubwa ya Wahindu wa Nepal, kati ya Septemba na Oktoba, magari hupungua na yaliyopo hufurika, kwa hiyo siku hizo teksi ndiyo njia ya uhakika.

Majira bora ni Oktoba na Novemba: hewa safi, njia kavu, mpunga unavunwa. Desemba na Januari pia ni vizuri, ila asubuhi ni baridi kali na ukungu hujaa bondeni. Ukiwa juu ya mgongo wa kilima mara nyingine unakuwa juu ya ukungu wenyewe, na haradali huchanua manjano mashambani. Machi na Aprili hewa hujaa vumbi na moshi, milima inaweza isionekane siku kadhaa mfululizo. Vijiji na hekalu havipungui chochote, lakini msiende kwa ajili ya theluji. Juni hadi Septemba ni mvua: njia ya udongo huwa utelezi mtupu na ruba hujaa kwenye majani. Mkilazimika kwenda wakati huo, vaeni soksi ndefu na suruali iliyochomekwa ndani yake. Ruba akishika, msimvute wala kumchoma. Pitisha ukucha pembeni ya mdomo wake mpaka aachie, osha, kisha bana kidonda kwa kitambaa, maana damu huchelewa kuganda.

Sasa njia yenyewe. Telkot barabara kuu hupiga kona kali penye vibanda vya chai. Hapo huchepuka njia ya udongo inayoingia kwenye msitu wa misonobari kuelekea magharibi. Ukitokea Bhaktapur iko mkono wa kushoto, ukitokea Nagarkot iko mkono wa kulia. Muulize yeyote "Changu?" huku ukionyesha njia, atakuelekeza. Kupanda kwenyewe ni dakika 20 hivi za mwanzo, na hakuna kupanda kwingine kwa maana halisi siku hiyo. Mama apande polepole hapo, hata akichukua dakika 40 hamjachelewa. Angalieni sindano za misonobari zilizokauka: zikiwa juu ya udongo mgumu huteleza kuliko tope, hasa panapoinama. Fimbo moja na viatu vya soli yenye meno vinatosha, buti za mlimani hazihitajiki.

Baada ya hapo mnakuwa juu ya mgongo wa kilima, na hapa ndipo watu hupotea. Miaka ya karibuni matingatinga yamechonga barabara nyingi za udongo ambazo hazimo kwenye ramani za zamani, na zote ni pana na zinavutia kuliko njia ya miguu. Nyingi hushuka, ama kusini kuelekea Bhaktapur, ama kaskazini kuelekea mto Manohara. Kanuni ni hii: baki juu. Ukiona umeteremka dakika kumi mfululizo na mashamba yamekuwa juu yako pande zote, umeshatoka njiani. Rudi ulikotoka, usikate mashamba kutafuta mkato, kwa sababu kingo za matuta hubomoka ukizikanyaga na mwenye shamba ndiye anayezijenga upya kwa mikono. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka mjini. Alama ya macho nayo ipo: panapokuwa wazi, kilima cha Changu kinaonekana mbele, mwisho kabisa wa mgongo huo, na paa mbili za hekalu zikichomoza juu ya miti.

Vijiji vya njiani ni vya wakulima, si vya maonyesho. Njia hupita karibu na nyua za watu, wakati mwingine katikati yake. Wakati wa mvua mashamba ya juu huwa na mahindi, na baada ya mavuno utaona mahindi yamefungwa mafungu na kuning'inizwa kwenye kuta na nguzo. Ulezi pia unalimwa, na mpunga kwenye matuta ya chini yenye maji. Nyumba za zamani ni za matofali ya udongo na vigae. Zile za zege na mabati kwa sehemu kubwa zilijengwa baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, la ukubwa wa 7.8, lililoangusha nyumba nyingi za udongo katika bonde zima. Usizisikitikie kwa kuwa hazipendezi pichani. Watu walihitaji paa.

Nafaka na pilipili zilizoanikwa kwenye mikeka njiani zizungukeni, msizivuke kwa mguu. Salamu ni "Namaste" huku viganja vimekutanishwa kifuani. Mwanamke anayekuzidi umri muite didi, mwanamume muite dai. Mama yako ataitwa ama, na mtaona milango inavyofunguka kwa sababu yake. Kabla ya kupiga picha ya mtu, onyesha kamera na usubiri akubali. Watoto wakiomba peremende au pesa, msiwape: inawafundisha kufuata wageni badala ya kwenda shule. Ukitaka kusaidia, kaa kwenye kibanda, nunua chai na biskuti, lipa bila kuvutana kuhusu rupia chache.

Maji bebeni lita moja na nusu kila mtu, mbili kukiwa na joto. Vibanda vipo Telkot na Changu, ila katikati usitegemee. Bebeni pia noti ndogo za rupia, karatasi ya chooni, kofia, na koti jepesi kwa ajili ya upepo wa juu.

Mtaingia kijiji cha Changu kutoka mashariki, karibu na kituo cha mabasi. Hapo wageni hukata tiketi. Ile ya Bhaktapur ni ya mamlaka nyingine, haitumiki hapa. Kuleni kwanza. Dal bhat, yaani wali, dengu na mboga, hushibisha na kwa kawaida huongezewa. Kisha pandeni mtaa wa mawe wenye ngazi fupifupi, katikati ya maduka ya vinyago na michoro, hadi lango la ua wa hekalu. Ngazi hizo ndizo za mwisho kwa magoti, na zina sehemu za kukaa.

Ndani ya ua, nakuomba msifanye kama makundi ya watalii yanayopiga picha ya mlango na kuondoka baada ya dakika 15. Tengeni saa moja na nusu. Hekalu lenyewe la paa mbili lilijengwa upya mwaka 1702 baada ya moto, na chumba cha ndani huingia makuhani tu, kwa hiyo hazina mnayoweza kuiona kwa karibu ni mawe yaliyo nje, na mengi yana umri mkubwa kuliko jengo. Zungukeni hekalu likiwa mkono wenu wa kulia, kama wafanyavyo waumini. Kwa kuwa mmeingia kwa nyuma, pindeni kushoto. Inueni macho kwenye mihimili ya mbao inayoshikilia paa: kila mmoja umechongwa mungu mwenye mikono mingi, na rangi bado imo.

Upande wa kusini-magharibi kuna mawe ambayo watu hupita bila kuyatazama. Moja linamwonyesha Vishnu akinyanyua mguu kupiga hatua: ni kisa cha Vishnu alipojigeuza mbilikimo, akamwomba mfalme Bali ardhi ya hatua tatu, kisha akakua hadi kuvuka ulimwengu. Jingine lina Vishnu mwenye vichwa kumi, na chini yake Vishnu huyohuyo amelala juu ya nyoka Ananta. Yote hayo yamebanwa kwenye kipande cha jiwe ambacho mtu mmoja anaweza kukikumbatia. Sogeeni karibu bila kugusa. Mafuta ya mikono na unga mwekundu wa ibada vimeshailainisha baadhi ya michoro.

Mbele ya mlango wa magharibi yuko Garuda wa jiwe, yaani nusu mtu nusu ndege anayembeba Vishnu, amepiga magoti na kukutanisha viganja, kazi ya karne ya 5. Jirani yake ni nguzo yenye maandishi ya mfalme Manadeva wa nasaba ya Licchavi, ya mwaka 464, miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika bonde la Kathmandu. Ni Kisanskriti. Yanaeleza jinsi Manadeva alivyomsihi mama yake, Rajyavati, asijiue kumfuata mumewe Dharmadeva aliyefariki, na vita alivyoshinda baadaye. Msomeeni mama maelezo hayo pale pale mbele ya nguzo, maana bila hayo ni jiwe lenye mikwaruzo tu. Kwenye kizimba kidogo wapo mfalme Bhupalendra Malla na malkia wake, sanamu zilizopakwa dhahabu. Kisha upande wa kaskazini-magharibi mtafuteni Vishnu aliyempanda Garuda. Toeni noti ya rupia 10 mlinganishe, ni sanamu hiyohiyo.

Siku ya Haribodhini Ekadashi, sikukuu ya Vishnu katika mwezi wa Kartik (Oktoba au Novemba), waumini hufurika hapa. Ni siku nzuri ya kuona ibada hai na mbaya ya kutazama mawe kwa utulivu. Chagueni mnalolitaka.

Kurudi: mabasi ya Bhaktapur huondoka kituo kilekile mlichopita. Novemba na Desemba jua huzama kama saa kumi na moja na robo jioni, kwa hiyo muwe kituoni kabla ya saa kumi na nusu, msingoje basi la mwisho. Likikosekana, barabara ya kushuka Bhaktapur ni kilomita sita hivi, teksi hupatikana. Njia ya tatu hushuka upande wa kaskazini hadi mto Manohara, kisha kijiji cha Bramhakhel, ambako kuna mabasi ya kurudi Kathmandu kupitia mtaa wa Boudha. Ni nzuri kwa mwenye magoti mazima, lakini mwanzo wake una mteremko mkali, na mto huvukwa kwa daraja la muda linalowekwa kiangazi tu. Mvua ikianza daraja halipo, na kuvuka kwa miguu ni hatari. Kwa mama, chukueni basi.