Pua ya Corolla yangu na springi za dizeli

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma ameniandikia. Kabadilisha springi za mbele za Corolla yake, sasa gari limeinua pua, taa usiku zinamulika matawi ya miti, na fundi anamwambia asubiri, "zitakaa zenyewe." Niliusoma ujumbe ule mara mbili na moyo ukaniuma, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2019. Hazikukaa. Springi nzima haishuki sentimita nne kwa kuzoea barabara.

Gari langu ni Corolla AE100 ya mwaka 1993, injini ya petroli ya 5A. Limesomesha watoto, limebeba saruji, limepeleka wagonjwa hospitali usiku wa manane. Watu wameniambia niliuze mpaka wamechoka. Naishi Kigamboni, upepo wa bahari unakula chuma mchana na usiku, na springi ya mbele kushoto ilinikatikia nikikaribia Chalinze. Ilikatika duru ya mwisho ya chini, ule mzunguko wa waya unaokaa kwenye sahani ya shokapu. Mchanga na maji hutuama hapo, rangi huchubuka, kutu inaingia. Nilisikia mlio mmoja mkubwa, gari likalalia upande, ncha ya chuma ikawa inakwaruza tairi.

Jumatatu nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea pale Dar es Salaam, kutafuta nyingine. Muuzaji alitoa jozi ya mtumba kutoka Japani, akaiweka mezani: "Hizi za Corolla, bosi, zinaingia." Ni kweli, ziliingia. Na huo ndio mtego wenyewe, kwa sababu springi isiyo yako huingia bila shida. Upana sawa, idadi ya duru sawa, sahani inaipokea kama mwanawe. Miaka mitatu baadaye ndipo nilipozilinganisha na za jirani yangu mwenye CE100, ile Corolla ya dizeli yenye injini ya 2C, nikakuta ni zilezile. Injini ile ni nzito kuliko yangu, na springi zake zimetengenezwa kwa mzigo huo.

Tofauti ilikuwa kwenye unene wa waya. Zangu za zamani nilizipima kwa kalipa zikasoma milimita 12, zile za dizeli 13. Usiidharau milimita moja. Ugumu wa springi hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya (unene × unene × unene × unene), mengine yakiwa sawa. Kutoka 12 kwenda 13 ni ongezeko la takriban asilimia 38. Hesabu hiyo inafanyika kwenye simu, dukani, kabla hujatoa hela. Mimi sikuifanya.

Kisha nikakubali kosa la pili, na hili bado linaniuma. Fundi alisema dawa ni kukata duru moja kwa grainda. Pua ilishuka kweli. Lakini springi ukiipunguzia duru inazidi kuwa ngumu: duru 6 zinazofanya kazi zikibaki 5, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20. Na ile ncha iliyokatwa haikukaa tena kwenye kituo chake, pale sahani inapoizuia isizunguke, kwa hiyo kila nilipokata kona springi ilijizungusha na kugonga. Shokapu zikavuja. Mauntini za juu zikafa. Nikaweka spesa za mpira nyuma ili gari lilingane, yaani nikaharibu na upande uliokuwa mzima.

Mwaka 2021 nilikuwa nampeleka mama Morogoro. Tulipofika Mlandizi akasema, "Mwanangu, nishushe hapa. Gari lako linanipiga mgongo." Akapanda basi. Mimi nikafuata basi lile nyuma, peke yangu, mpaka stendi ya Msamvu, Morogoro. Sikuwasha redio.

Mwisho nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, kuna kibati chenye namba ya chesisi na msimbo kamili wa modeli. Nikaipiga picha, nikampelekea muuzaji mwenye katalogi ya Toyota, si mwenye kumbukumbu ya kichwani. Akanitolea namba ya spea. Springi za mbele za Toyota namba zake huanza na 48131, za nyuma 48231, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha petroli na dizeli, gari la kawaida na lile linalosukumwa na magurudumu yote manne. Ukipata za mtumba, tafuta alama za rangi kwenye duru. Si mapambo, kiwanda huziweka ili kutambulisha springi. Baadhi ya magari hata kushoto na kulia hazifanani.

Kufunga nilifunga mwenyewe, na nasema hivyo kwa fahari. Ila kwenye mguu wa aina hii, ambapo springi imevalishwa juu ya shokapu, nati ya juu katikati ya shokapu usiiguse kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana. Nimeona vijana wakiifunga springi kwa waya. Ikifyatuka inaondoka na taya. Mpira wa chini ya springi usiuache, ncha iingie kwenye kituo chake, na nati za bushi za mkono wa chini zikazwe magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi, la sivyo bushi zinakaa zimejipinda na zitapasuka mapema. Nunua jozi. Ukimaliza, nenda kapange magurudumu.

Na pima, ndugu zangu! Pima kabla na baada, kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, siyo kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya. Langu lilikuwa sentimita 40 na springi za dizeli. Sasa ni 36 kushoto, 36 kulia. Tunatoa fedha kwa macho, tunaambiwa "inaingia" na tunaondoka tumeridhika, halafu tunailaumu barabara, tunalaumu matuta, tunalaumu umri wa gari. Gari la miaka 30 halina kosa. Limevalishwa viatu vya mwingine.

Kwa hiyo wewe wa Dodoma, kabla hujarudi kwa fundi wako, na hasa kabla hajashika grainda, fungua boneti, futa kile kibati kwa kitambaa, kipige picha. Nitumie pamoja na vipimo vya magurudumu yote manne. Nitakujibu usiku huohuo.