Mama kwenye usukani, mimi kushoto kwake

Mwarobaini wa uani kwetu Tanga una kovu. Liko usawa wa goti, gome limebanduka ukubwa wa kiganja. Lilibanduliwa na bampa ya gari. Dereva alikuwa mama yangu mzazi, miaka 57 wakati ule, lakini kosa lilikuwa langu.

Nyumbani kwetu dereva alikuwa baba peke yake tangu sijazaliwa. Alipopata mtoto wa jicho, akawa hawezi tena kuendesha usiku, na mchana wenyewe anakunja uso kama anasoma maandishi madogo. Sisi watoto tumetawanyika. Nani atampeleka kliniki, hospitali ya Bombo? Ikaamuliwa mama ajifunze. Baba akajitolea kumfundisha, akafundisha siku mbili. Siku ya tatu chai ya asubuhi ilinywewa kimya, na jioni nikapigiwa simu niombe likizo.

Niseme mapema kwamba kumfundisha ndugu yako nyumbani hakuchukui nafasi ya chuo cha udereva. Mama alienda chuo, akakata leseni ya kujifunzia, ile ya daraja H, tukafunga vibao vya L, vya dereva mwanafunzi, mbele na nyuma, na kabla ya kugusa barabara niliuliza kwa wakala wa bima kama gari litalipiwa akiwa anaendesha mwanafunzi. Hilo la bima watu wengi hulikumbuka wakati taa ya mtu imeshavunjika. Chuoni walimfundisha vizuri alama za barabarani na kupaki katikati ya ngoma, yale mapipa ya mazoezi. Ila alitoka huko akijua namna ya kufaulu mtihani wa trafiki, na barabara ya Ngamiani saa kumi na moja jioni haina ngoma.

Sasa turudi kwenye mwarobaini. Siku ya kwanza tulianzia uani. Gari letu ni dogo, otomatiki, la Kijapani, likiwashwa linasema maneno fulani ya Kijapani ambayo mpaka leo hakuna aliyetutafsiria. Mama huliitikia "marahaba". Akaliondoa taratibu, likaelekea mtini, nami nikapiga ukelele: "Breki!" Akakanyaga mafuta.

Baadaye nilimwomba akae vile vile alivyokuwa amekaa, nikainama kuangalia miguu. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya mafuta na wa kushoto juu ya breki, kama mtu anayeendesha cherehani. Ukimshtua mtu wa namna hiyo, miguu yote miwili inashuka kwa pamoja. Tangu siku hiyo mguu wa kushoto tukaulaza pembeni, kazi yote ni ya mguu wa kulia, na kisigino kinakaa chini karibu na breki, vidole ndivyo vinavyohama. Nilipaswa kuliangalia hilo kabla injini haijawashwa.

Kosa la pili lilikuwa sauti yangu. Mama alizima gari, akatoa funguo, akaniambia, "Mwanangu, unanipigia kelele kama unafukuza kuku." Akashuka.

Jioni tulikaa barazani tukakubaliana maneno. Kwangu mimi hili ndilo la kwanza kwa yeyote anayetaka kumfundisha mzazi, mke, mume au mdogo wake, kwa sababu ndani ya gari lugha ya nyumbani haifai. Kwetu mtoto hamwamuru mama yake. Siku ile ya kwanza nilikuwa nikisema, "Mama, naomba upunguze kidogo mwendo." Adabu tupu, lakini sentensi hiyo ina sekunde tatu. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo maeneo ya makazi, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Nikimaliza kuomba, tumeshapita mita 40 na zaidi. Kwa hiyo mama mwenyewe akatoa ruhusa: mkanda ukishafungwa, naweza kumwambia "simama" bila "naomba", na tukishuka narudi kuwa mtoto.

Maneno tuliyobakiza yalikuwa matatu: simama, taratibu, nenda. "Angalia!" tuliipiga marufuku, maana haisemi aangalie nini, wapi, wala afanye nini. "Mama weee!" na "Yallah!" nazo vilevile. Neno lililonisumbua kuliko yote lilikuwa "haya". Kwetu ukisema "haya" unaweza kuwa unamaanisha anza, au inatosha, au nimekusikia. Siku ya nne tulikuwa tunasubiri kuingia barabara kubwa, mama akasema, "Bajaji hiyo inakuja." Nikamjibu, "Haya," yaani nimeiona. Yeye akaelewa twende. Dereva wa bajaji alifunga breki mpaka akanyanyuka kwenye kiti, akatuangalia, akaona kile kibao cha L, akatikisa kichwa na kuondoka bila kutukana. Mungu amjalie.

Anayefundisha naye ajiandae kwa mikono yake. Hendibreki ya gari letu ni ya kukanyaga kwa mguu, imejificha huko ndani upande wa dereva. Mimi niliyekaa kushoto siifikii hata nikijinyoosha vipi. Wiki mbili za mwanzo za barabarani tuliazima gari la mjomba lenye hendibreki ya kuvuta, iliyo katikati ya viti. Kwenye uwanja mtupu, mwendo wa kobe, nilijaribu mwenyewe: mkono unasukuma gia kutoka D kwenda N, kisha unavuta hendibreki kwa kiasi, bila kuikwapua. Gia ikiwa N injini inaachana na matairi, na mguu ulioganda kwenye mafuta unabaki kupiga kelele tu. Sikuwahi kulazimika kufanya hivyo barabarani, lakini kujua kwamba naweza kulinituliza, na sauti yangu ikatulia pia.

Mazoezi ya barabarani tuliyaanzia Raskazone, Jumapili asubuhi, barabara tulivu zenye miti na upepo wa bahari. Pale nilimshusha tukatembea mita 14 kwa miguu, hatua ishirini za mama na kanga yake. Nikamwambia, ukiangalia simu sekunde moja, umekwenda zote hizi macho yamefumba. Akageuka nyuma kuangalia tulikotoka, hakusema kitu. Simu yake sasa husafiri ndani ya mkoba, kiti cha nyuma.

Baada ya wiki moja tukahamia Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Anayeijua Tanga anajua kwamba hapo baiskeli ndiyo mwenye nyumba. Nilimpa kazi moja tu, aseme kwa sauti kila anachokiona. Usukani sikuusemea, wala mwendo.

"Baiskeli, ana gunia la mkaa, hawezi kugeuka kuangalia nyuma. Mtoto ameshika mpira. Yule mama ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hatakimbia, namsubiri. Daladala imesimama… konda amegonga bodi, inatoka."

Mimi konda sikumsikia. Nimeendesha miaka kumi na mbili, kioo juu, redio inaimba. Mama ametembea kwa miguu na kupanda daladala miaka thelathini, akienda sokoni na kurudi, na mlio wa kiganja kwenye bati anaujua kuliko honi. Anajua abiria akishuka atavuka kwa mbele ya gari, asionekane. Anajua mwenda baiskeli akitazama bega lake la kulia, tayari ameshaamua kukata kulia hata kama mkono hajaunyoosha. Nilidhani namfundisha mtu asiyejua barabara. Alikuwa anaijua, tena kutoka upande wa wanaogongwa; kilichobaki ni kuunganisha macho yake na mguu wa kulia.

Kwa hiyo ukimfundisha mtu mzima, mwache aseme. Akiona kitu mapema, sauti yake inakuja mapema, nawe huna haja ya kusema chochote. Akinyamaza ghafla mahali penye watu, ujue amezidiwa. Sema "taratibu" na mtafute pa kupaki. Sisi hatukuzidisha dakika arobaini kwa siku. Baada ya hapo makosa huanza kuongezeka, na maneno nayo.

Kwenye zebra alikuwa mkali tangu mwanzo. Madereva wengi husimama pale kwa kuogopa trafiki na faini. Mama husimama kwa sababu amewahi kusubiri pale na ndoo kichwani. Siku moja daladala ya nyuma ikatupigia honi mfululizo, nami nikaanza kubabaika. Akasema, "Mwache apige, ni umeme wake."

Barabara kuu tuliiacha mpaka mwezi wa pili wa mazoezi, kutoka mjini kupitia Pongwe mpaka Muheza. Malori ya saruji, mabasi, na wauza machungwa pembeni. Huko kuna lugha nyingine isiyofundishwa chuoni. Matawi ya miti yakiwa yamelazwa barabarani, mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo sasa hivi. Gari linalokuja likikuwashia taa, mara nyingi ni tochi ya trafiki ya kupimia mwendo, ila inaweza kuwa ng'ombe au ajali, kwa hiyo punguza tu. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia, linakwambia usipite; au kweli linakata kulia, na hapo pia usipite. Yenye mtego ni ya kushoto. Huwa ina maana njia ni nyeupe, pita, lakini huenda dereva anataka tu kuegesha. Nilimwambia mama achukulie indiketa hiyo kama ushauri wa mpita njia: msikilize, kisha uone mwenyewe. Kama huoni barabara ya kutosha, kaa nyuma ya lori hata mpaka Muheza. Tulikaa nyuma ya lori mpaka Muheza. Machungwa yalikuwepo.

Usiku na mvua sina mengi. Taa za anayekuja zikikuumiza macho, tazama ukingo wa kushoto wa barabara, usizitazame zenyewe. Mvua ikianza tu, lami yenye vumbi inateleza kuliko itakavyoteleza baada ya nusu saa. Mama usiku haendeshi ila kwa dharura, na sijamlazimisha.

Leseni aliipata. Baba sasa anapelekwa Bombo akiwa amekaa kiti changu cha kushoto, na nasikia anasema "angalia!" kila kona, mama hamjibu.

Kilichobaki ni rivasi ya kuingia getini. Mwanzoni nilikuwa nasimama nyuma ya gari napaza sauti, "Njoo, njoo, kata, kata!", naye anauliza nikate wapi. Siku hizi hataki maneno kabisa. Nasimama pembeni ya gari, mahali anaponiona kwenye saiti mira, mkono juu. Uso wangu ukipotea kwenye kioo anasimama hapo hapo, anavuta pumzi, anasubiri nirudi.