Je, maambukizi makali yanaweza kudhuru kongosho?

SWALI: Daktari, baba yangu mwenye umri wa miaka 58 alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi baada ya maambukizi ya njia ya mkojo kuenea hadi kwenye damu. Tuliambiwa kongosho limeathirika. Sukari ikapanda, akawa anachomwa insulini ilhali hajawahi kuugua kisukari. Amesharudi nyumbani. Je, sasa ana kisukari? Na tulilindeje kongosho lake? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Maambukizi yanapoenea mwilini, shinikizo la damu hushuka na damu inayofika kwenye kongosho hupungua, nalo ni kiungo kisichostahimili upungufu huo. Wakati huohuo, kemikali ambazo kinga ya mwili huzimwaga ili kupambana na vijidudu hudhuru mishipa midogo na kuigandisha damu ndani yake. Chembe za kongosho zikiumia, vimeng'enya vyake, yaani kemikali za kusaga chakula, huvujia kwenye damu, na ndiyo maana kipimo cha lipase, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, hupanda, ingawa figo zikilegea kinaweza kupanda hata kongosho likiwa salama. Mara nyingi madhara haya hupungua mgonjwa apatapo nafuu.

Kuhusu sukari, kongosho ndilo linalotengeneza insulini, homoni ya kushusha sukari, lakini lawama si zote zake. Mwili ulio taabani hutoa kwa wingi adrenalini na kotisoli, homoni zinazolifanya ini limwage sukari na kuipunguzia insulini nguvu. Kwa hiyo msikimbilie kumwita baba mgonjwa wa kisukari: ombeni kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kirudiwe akishapona kabisa.

Hakuna kidonge wala mizizi ya "kusafisha kongosho" iliyothibitishwa kulilinda. Kinga yake ni kuyawahi maambukizi: antibiotiki, ndani ya saa 1 kwa mgonjwa ambaye shinikizo limeshuka, pamoja na dripu iliyopimwa. Nasema iliyopimwa kwa sababu utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kuwamiminia maji mengi kwa haraka watoto wenye maambukizi makali kuliongeza vifo.

Kwa sasa baba aache pombe kabisa. Akipata maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni na kutapika, au homa yenye kutetemeka, kuchanganyikiwa au mkojo kupungua, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.