Jibu: Taa ya kambini ya kuchaji inazima mapema
Ndugu, umesema taa ilikaa kabatini miezi kadhaa na sasa hata ukiichaji usiku kucha inazima ndani ya saa moja. Kwanza soma betri imeandikwa nini. Kama ni nzito na ni ya volti 4 au 6, hiyo ni ya risasi na asidi. Aina hiyo huhifadhiwa ikiwa imejaa; ikikaa tupu inakufa, na yako huenda imeshakwenda. Badilisha betri, taa usitupe.

Ya lithiamu (volti 3.7) ukiihifadhi iache na chaji nusu hivi, mahali pakavu pasipo joto, uiongezee kila baada ya miezi mitatu hivi. Habari ya kuimaliza kabisa ndipo uchaji ilikuwa ya betri za nikeli, achana nayo. Ukiona imevimba hadi kifuniko hakifungi, usiichaji tena wala usiitoboe.

Chungulia na tundu la chaji pia. Vumbi na kutu ya kijani kwenye vile vyuma vidogo hufanya uone inachaji kumbe hakiingii kitu. Sugua taratibu kwa mswaki mkavu, taa ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.