Re: Kichanga mwenye akondroplasia anakata pumzi akilala

Pole sana mdogo wangu, umeuliza kama mtoto wa wiki 6 mwenye akondroplasia (hali ya kuzaliwa ya mifupa inayofanya mtu awe na kimo kifupi) kukata pumzi usingizini ni kawaida. Hapana jamani, usisubiri kliniki ya mwezi ujao, mpeleke hospitali leo leo. Iko hivi, hawa watoto lile tundu la chini ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoungana na ubongo, linakuwa dogo, sasa uti unabanwa hapo hapo na ndo sehemu inayoendesha pumzi, kwahiyo anaweza kuacha kupumua kimyakimya bila hata kukohoa. Mwanangu mwenye hali hiyo hiyo, daktari alimsukuma unyayo kwenda juu, mguu ukaanza kudundadunda wenyewe bila kuacha, dalili kwamba uti unabanwa, ndo akaandika apigwe picha ya MRI inayoonyesha ubongo na uti, mwishowe wakampanua tundu kwa upasuaji. Kwa sasa shika kichwa na shingo vizuri ukimnyanyua, usimkalishe kwa mito, kidevu kisilalie kifua. Na hao wanaosema umelaaniwa waache, ni mabadiliko kwenye jeni (chembe ya urithi) inayoitwa FGFR3, karibu asilimia 80 ya watoto hawa wazazi wao wana urefu wa kawaida tu. Ukitoka hospitali tuambie wamesemaje.