Tiketi inasema saa 15, kitini unakaa 10

*Kaka, naenda Guangzhou kufuata mzigo kwa mara ya kwanza. Tiketi inasema naondoka Dar 23:00, nafika 14:30 kesho yake. Nitakaa angani saa kumi na tano na nusu? (Mfanyabiashara, Mwanjelwa)*

Hapana, mama. Kila saa ya kwenye tiketi ni ya mji ule ndege ilipo, na China wametutangulia kwa saa 5. Zitoe, zinabaki kumi na nusu. Ndiyo safari yako, kilomita kama 8,700.

Ila kinachowaponza watu wetu si China, ni usiku. Mchana ni rahisi: toa sita, 14:30 inakuwa saa nane na nusu. Hata 23:00 wengi wanajua ni saa tano usiku. Kasheshe ni tiketi ya 01:00 Jumamosi. Sisi saa saba ile bado tunaiita usiku wa Ijumaa. Tiketi imeshageuza siku saa sita kamili. Mimi mwenyewe niliwahi kufika uwanjani Jumamosi usiku, shati limenyooshwa, begi limefungwa, ndege ilishaondoka tangu jana yake.

*Umbali wa Songwe, uwanja wetu wa ndege wa Mbeya, hadi Dar naona 690, kwingine 430, kwingine 373. Nani mwongo? (Uyole)*

Hakuna. Ya kwanza ni kilomita, ya pili maili za kawaida, ya tatu maili za baharini, ambazo marubani wanazitumia. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852.

*Kamwene, kaka. Basi la Mbeya–Dar linakula siku nzima, ndege saa moja na ushee. Ni mwendo tu? (Mafinga)*

Kamwene. Mwendo, na njia pia. Barabara ni kilomita kama 830 kwa sababu inazunguka Makambako na Iringa, inashuka Kitonga, halafu Mikumi dereva anatambaa kwa ajili ya wanyama. Ndege inakata moja kwa moja. Kwa ndege ya jeti, gawa kilomita kwa 800, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua: 690 inakupa kama saa moja na dakika ishirini. Ya mapangaboi, ongeza kidogo. Lakini hesabu pia gari la kutoka mjini mpaka Songwe na foleni ya mizigo. Ukungu wa huku nao hauombi ruhusa, kwa hiyo anayeunganisha ndege ya nje alale Dar.

*Kwa nini kurudi kutoka Guangzhou ni kurefu kuliko kwenda? (Mwanafunzi, Iringa)*

Upepo. Huko juu, hasa kati ya Desemba na Februari, unavuma kwa nguvu kutoka magharibi: wakati wa kwenda unaisukuma ndege, wakati wa kurudi inapambana nao. Mama wa Mwanjelwa nawe usikie: tiketi ya kurudi itaonekana ya saa sita hivi. Usishangilie, rudishia zile 5.