Muulize Shangazi: Kidau cha ndara na roboti ya kwenye gemu

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko hapa Langoni, Lamu. Mwanangu wa pili tulimzika, Mungu amrehemu, na kakake wa miaka 17 ameweka juu ya kabati kile kidau cha ndara walichokichonga pamoja, hataki mtu akiguse. Nyumbani wananiambia nikitoe, eti ndicho kinachomrudisha nyuma. Juzi kamaliza gemu kwa binamu yake, The Last of Us, karudi kaniambia "mama, kidau changu ni kama roboti ya Sam", kisha akalia sana. Hiyo roboti ni nini, na kidau nikitoe ama nikiache?
Mama wa Langoni

JIBU: Marhaba mwanangu, na poleni sana. Kiache hapo hapo.

Gemu hiyo naijua, ilitoka 2013 kwa PlayStation 3. Dunia imeharibika kwa maradhi, kila unachookota ni cha kukusaidia uishi, risasi, bendeji, mkasi. Sasa kuna mtoto anaitwa Sam, wanapita duka la vitu vya kuchezea akapenda kiroboti, kakake Henry akamwambia kirudishe, tunachukua cha lazima tu. Ellie, msichana wa miaka 14 aliye safarini nao, akakichukua kimyakimya akaja kumpa baadaye. Usiku huohuo Sam alikuwa ameshang'atwa na mtu mwenye maradhi hayo na hajamwambia mtu, kulipokucha wamempoteza yeye na kakake pia. Kile kiroboti hakikupi pointi, hakifungui mlango wala si silaha, na bado ndicho watu wanachokikumbuka.

Mbele huko wanakuta kaburi dogo lina mwanasesere wa dubu, Ellie anasema alisahau kuiacha roboti kwa kaburi la Sam. Anataka kuongea jamani! Joel, yule mtu mzima aliye naye, anamkata kauli, mambo yametokea tusonge mbele. Na huyo huyo Joel mkononi amevaa saa iliyovunjika, aliyopewa na bintiye Sarah usiku aliokufa, miaka 20 hajaivua. Kwa hivyo hao wanaokwambia kitoe, waulize kwa upole na wao wameweka nini cha marehemu wao, kanzu, tasbihi, utashangaa.

Mwanao amekufungulia mlango kwa hiyo roboti, ingia. Mwambie akishushe kidau akuonyeshe nani alikata ndara, nani alifunga foromali, ule mti wa tanga, na kama tanga ni la mfuko wa nailoni walitoa wapi maana mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017. Usimharakishe, na akilia mwache alie, wewe pia ukilia si aibu. Tanga likichanika asishonewe na mtu, yeye mwenyewe ndiye atie jipya akitaka.

Ila kama kuna mdogo wao nyumbani asikae kutazama, gemu hiyo imewekewa miaka 17 kwenda juu na ina damu nyingi mno.